Neno Chini ya Bilauri

Hester Pobjoy aliolewa siku ya Jumanne saa nne asubuhi, akiwa wa saba kwenye foleni. Mbele yake walikuwa maharusi sita, nyuma yake watano, na kasisi alikuwa amekwishachoka kutabasamu. Aliwafungisha ndoa kama mtu anayepiga mihuri.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi Bristol. Binti wa raia wa mji akiolewa, mumewe naye alihesabiwa raia, akapata haki ya kupanda jukwaani na kutaja kwa sauti jina la anayemtaka. Kwa hiyo kila uchaguzi ulipokaribia, mawakala wa wagombea walipita mitaani wakiwasaka mabinti wasioolewa kama watu wanaotafuta mayai kwenye majani.

"Ni wiki tatu tu, binti," Bwana Vowles, wakala wa Sir Giles Wexcombe, alikuwa amemwambia. "Mume wako anapiga kura, sisi tunashinda, mnakwenda makaburini, mnaagana. Wewe unapata kofia mpya. Baba yako anapata kazi ya kuchonga bilauri zote za karamu ya ushindi. Mia mbili!"

"Na nikimpenda je?"

"Ukimpenda, jipige kofi."

Hester alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na hakutarajia kupenda mtu aliyeletwa na Vowles.

Safari ya makaburini ilikuwa desturi ya mji. Kanisani watu waliapa kwamba kifo ndicho kitakachowatenganisha, basi wakatafuta njia ya kukipata kifo bila mtu kufa. Uchaguzi ukiisha, mume na mke walisimama pande mbili za kaburi lililochimbwa likingoja mwenyewe, wakashikana mikono juu ya shimo, kila mmoja akasema, "Kifo kimetutenganisha." Wakaachiana. Kasisi hakuipenda desturi hiyo, na sheria haikuitambua, lakini hakuna aliyewauliza. Sharti lilikuwa moja: maneno yale hayarudishwi. Mwenye kuyarudisha, kaburi humdai mwenzake. Watu walimtaja muuza jibini mmoja wa ng'ambo ya daraja, ambaye alimrudia mume wake wa uchaguzi, na kabla ya wiki kwisha mume akaanguka kutoka juu ya paa. Kila mtu mjini alilijua paa hilo.

Mume wa Hester aliitwa Rhys Probert. Alikuwa seremala wa meli kutoka Wales, mwenye mabega mapana na harufu ya lami ya msonobari. Walipotoka kanisani alimtazama kutoka juu mpaka chini bila haya.

"Haya, mke wangu wa wiki tatu. Unapika?"

"Nachonga vioo."

"Basi tutatafuna vioo. Meno ninayo."

Wapiga kura wa ndoa walifungiwa kwenye nyumba za wake zao, na mlinzi mlangoni, wasije wakaibwa na upande wa pili. Rhys akapewa pembe ya karakana, akalala juu ya majani makavu ya kufungashia vioo. Siku ya pili tu aliiona siri ya nyumba ile. Jabez Pobjoy, baba yake Hester, fundi ambaye jina lake lilijulikana mpaka London, mikono yake ilitetemeka hata kijiko kiligonga sahani. Aliyeketi kwenye gurudumu dogo la shaba karibu na dirisha, mafuta na unga wa mchanga mkali vikimchuruzika mpaka kwenye viwiko, alikuwa Hester.

Rhys alisimama mlangoni, akatazama. Hester naye akamtazama kwa hofu, kwa maana nani angenunua bilauri zilizochongwa na mwanamke?

"Mzee," Rhys akasema hatimaye, "binti yako anakanyaga gurudumu, anashika bilauri na anachonga, vyote peke yake. Nani alimkata mkono wa tatu?"

Akaenda kwenye gurudumu kubwa la mbao lililoachwa vumbi ukutani, lile lililozungushwa na mtumishi zamani za neema. Akafunga mkanda mpaka kwenye lile dogo, akaanza kuzungusha. Tangu siku hiyo alimzungushia gurudumu kutwa. Jioni alipasha matofali moto, akayafunga kwenye vitambaa, akampa mzee ayakumbatie mikononi. Hakusema lolote juu ya matofali hayo. Nadhani hapo ndipo Hester angepaswa kujipiga kofi.

Siku moja Rhys aliomba ajaribu. Hester akampa bilauri yenye ufa na karatasi ya mfano: mti wa mwaloni, na chini yake *Wexcombe na Uhuru Daima*. Akainyanyua bilauri mpaka chini ya gurudumu, ulimi nje kama mtoto, na alipomaliza herufi zilikuwa zimenyooka na kupendeza.

"Umejifunzia wapi wewe?" Jabez akauliza.

"Majina ya meli, mzee. Wenye meli huchora kwenye karatasi, mimi nachonga kwenye mbao. Nimechonga arobaini na moja. Mengine sasa yanasomwa na samaki."

Wote watatu wakacheka. Na jioni hizo mzee alipotaka kusikia matusi ya wapinzani yaliyopigwa chapa kwenye karatasi za uchaguzi, Rhys alimsukumia Hester karatasi. "Soma wewe. Sauti yako inawapendeza hata hao wanaotukanwa." Hester aliona anabembelezwa, akasoma.

Siku ya kumi na sita Rhys akapelekwa jukwaani, akasema "Wexcombe!" mpaka njiwa wakaruka, akarudishwa karakanani. Siku ya kumi na nane akamwambia Hester kwamba amepata nafasi kwenye meli ya kwenda Newfoundland, ng'ambo ya bahari. Ingeondoka maji yakijaa jioni, siku ya makaburini.

"Huko kuna nini?" Hester akauliza, macho kwenye kazi.

"Ukungu na samaki. Na hapa kuna nini?"

Gurudumu likazunguka. Neno alilolitaka Hester lilikuwa fupi mno, na ulimi haukulibeba.

Basi akalifanya kwa mkono. Usiku mzee na Rhys walipolala, alichukua bilauri moja kati ya mia mbili, akaigeuza, na chini ya kitako chake, kati ya majani mawili ya mwaloni, akachonga: *Baki nami, Rhys.* Asubuhi ya karamu akampa mwenyewe mkononi.

"Hii ni yako. Usibadilishane na mtu. Ukimaliza kunywa, igeuze, utazame chini. Kisha fanya utakavyo."

"Kuna nini chini?"

"Utaona."

Karamu ilifanyika kwenye ukumbi wa wafanyabiashara. Wanawake walisimama juu kwenye roshani, wakitazama wanaume wakila nyama ya ng'ombe na kupiga meza. Sir Giles akasimama, mwekundu kama nyama yenyewe. "Wexcombe na Uhuru!" Vowles akapaza. "Daima!" wakajibu mia mbili, wakanywa, wakageuza bilauri juu chini kuonyesha kwamba hakuna tone lililobaki. Hester alimwona Rhys akiigeuza yake. Alimwona akitazama kitako, akitazama muda mrefu, huku kidole kikipita juu ya herufi. Kisha akainua uso, akamtafuta kwenye roshani, akampata, akatabasamu tabasamu pana.

Hester alishika nguzo.

"Sasa vunjeni!" Vowles akapiga kelele. Maana bilauri iliyonywewa jambo kubwa hainywewi tena jambo dogo. Mashina ya bilauri yakakatika yote kwa pamoja, na Rhys, bado anatabasamu, akavunja lake ukingoni mwa meza.

Mlio ule, wa kazi yake ya wiki tatu ikivunjika, Hester hakuusikia. Alikuwa ameshapata jibu. Alimwambia afanye atakavyo, naye amefanya, tena kwa kicheko.

Usiku ule Vowles aliwalaza wapiga kura wote ukumbini, kwa kuwa walikuwa wamelewa. Asubuhi akawaleta makaburini wakiwa wamefura macho. Kulikuwa na tope, na nusu ya mtaa imekuja kuangalia, watu wanatafuna njugu. Kaburi lilikuwa la muuza mishumaa, atakayezikwa saa nane.

"Wa saba! Pobjoy!"

Hester alisimama upande wake, amevaa kofia mpya. Rhys akanyoosha mkono juu ya shimo. Ulikuwa wa moto. Akafungua mdomo, lakini Hester hakumngoja.

"Kifo kimetutenganisha," akasema, kwa sauti kavu iliyofika mpaka ukutani.

"Upesi hivyo?" Rhys akasema.

"Mke ana haraka huyu!" mtu akapiga kelele. "Kuna mwingine anangoja nyumbani!" Watu wakacheka.

Rhys alimtazama kidogo. Kitu kikashuka usoni mwake. "Kifo kimetutenganisha," akasema taratibu, na mikono ikaachiana.

Wangekwenda zao, kila mtu njia yake. Lakini Rhys akazunguka kaburi, buti zikizama, akamjia. Akatoa mfukoni kitambaa, na ndani yake kitako cha bilauri, duara la kioo lenye kipande cha shina kama jino lililovunjika.

"Waliniambia nivunje, nikavunja," akasema. "Lakini hiki nimekiokoa. Niliona umeniwekea kitu ambacho wengine hawana, nikafurahi kweli. Nilitaka kukuuliza jana ile ile, Vowles akatufungia ndani." Akashusha sauti, masikio yamemwiva. "Mimi herufi nazichonga tu, Hester. Arobaini na moja, na sijasoma hata moja. Umeandika nini?"

Hester alikitazama kile kioo. Akaitazama mikono iliyomzungushia gurudumu. Nyuma ya kisigino cha Rhys shimo lilikuwa wazi, maji ya tope yakichuruzika kwenye kingo zake. Na jioni mtu huyu alikuwa anapanda meli. Maneno ameyasema yeye mwenyewe, wa kwanza, mbele ya nusu ya mtaa, na paa la muuza jibini lilikuwa linaonekana pale pale, nyuma ya mnara.

"Ni alama ya karakana yetu," akasema. "Huwekwa kwenye bilauri moja tu, iliyo bora kuliko zote."

"Aa." Rhys akakipangusa kwa kidole gumba. "Nilidhani…"

"Ulidhani nini?"

"Si kitu. Basi ni zawadi."

"Ni zawadi."

"Wa nane!" Vowles akaita. "Sogeeni, jamani, marehemu naye ana miadi!"

Baadaye Hester alijiambia kwamba aliyahofia maisha ya Rhys. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba aliona aibu kulisoma neno lile kwa mdomo, na watu wanatafuna njugu.

Meli ilirudi mwaka uliofuata bila Rhys. Nahodha alisema seremala wake alihamia meli nyingine kule kwenye ukungu, na kwamba alikuwa mzima, mchangamfu, akichezea kipande cha kioo kila alipokaa. Hester alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Kwenye meli lazima yupo mtu anayejua kusoma. Ama Rhys hajamwonyesha mtu yeyote, ama amemwonyesha, na akasomewa, na bado hakurudi. Alizigeuza habari hizo mbili miaka mingi, asijue ipi aombe iwe kweli.

Jabez akafa mwaka wa tatu, akiwa amekumbatia tofali.

Mwaka wa saba uchaguzi ukaja tena. Vowles akapanda ngazi akihema, amenenepa, kijana mmoja mfinyanzi yuko nyuma yake na kofia mkononi.

"Bibi Pobjoy! Nimekuletea mume. Huyu hata hakoromi. Wiki tatu, kama zamani, na bilauri mia tatu."

Hester hakusimamisha gurudumu. "Nina mume."

"Mume yupi tena?"

"Rhys Probert. Seremala."

"Yule? Lakini mliachana makaburini, mama! Mimi mwenyewe niliita namba yenu. Kifo kimekwishawatenganisha."

"Hakuna aliyekufa, Bwana Vowles. Alizikwa muuza mishumaa. Kamuulize kasisi, kitabu cha ndoa anacho."

Vowles akataka kucheka. Akauona uso wake, akaacha. Yule kijana akavaa kofia yake.

"Basi bilauri utachonga?" Vowles akauliza kwa upole asiouzoea.

"Nitachonga."

Akaweka karatasi ya mfano mezani, wakashuka. Hester akachukua bilauri ya kwanza kutoka kwenye majani makavu, akaigeuza juu chini. Kitako kilikuwa kitupu, safi. Akakipitishia kidole gumba mara moja, akaisimamisha, akaipeleka kwenye gurudumu, akaanza na jina la Wexcombe.