Kimo cha Saturnino Peguero

Asubuhi ya kesi, Demetrio Tavárez alipanda juu ya kiti cha hoteli ili amfunge Saturnino Peguero tai. Si kwamba Demetrio alikuwa mfupi. Saturnino ndiye aliyekuwa mrefu kupita kiasi, mtu wa kuinama kila mlangoni, na katika miaka yote aliyocheza besiboli Marekani hakuwahi kujifunza kufunga tai. Kazi hiyo ilikuwa ya Demetrio, pamoja na kumtafsiria, kumwendesha, kumwagizia chakula na kumsomea barua za shule ya mtoto. Klabu ilimlipa kwa kazi hizo. Lakini mbali na mshahara, Demetrio ndiye aliyemshika Yokasta, binti wa Saturnino, siku ya ubatizo wake kule Ocoa, na kwa Wadominikana jambo hilo si la mchezo. Tangu siku ile wanaume hao wawili waliacha kuitana kwa majina, wakawa wanaitana kompadre.

"Usinikabe, kompadre," Saturnino alisema.

"Ukitapatapa kama mbuzi wa sikukuu nitakukaba kweli. Inua kidevu."

Kesi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kila Februari, huko Florida, mchezaji ambaye hajafikisha miaka ya kuruhusiwa kuuza kazi yake popote, na ambaye hakuelewana na klabu yake juu ya malipo, huenda mbele ya wasuluhishi watatu. Mchezaji hutaja thamani yake, klabu hutaja ya kwake, na wasuluhishi huchagua moja kati ya hizo mbili. Katikati hakuna. Saturnino alitaja dola milioni nne, klabu ikataja mbili na nusu. Ili ishinde, klabu hutuma wakili aeleze, mchezaji akiwa amekaa palepale, kwa nini mtu huyo si mali kitu. Wiki inayofuata mtu huyohuyo huvaa jezi ya klabu hiyohiyo na kuambiwa acheze kwa moyo wote. Watu wamezoea. Ziko ndoa zinazokwenda hivyohivyo na watoto wanazaliwa.

Demetrio alikuwa hajalala. Kulikuwa na jambo moja ambalo alimwomba Mungu wakili asilitaje.

Mwezi wa Agosti uliopita Saturnino alipigwa shavuni na mpira uliorushwa kwa kasi. Shavu lilipona. Usiku mmoja, wakiwa wawili tu garini, Saturnino akasema kwamba tangu siku ile, mpira ukimjia karibu na mwili, yeye hufumba macho. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja mahali alipoficha ufunguo. Demetrio alimwambia itapita, na kweli alidhani itapita.

Novemba wakubwa wa klabu walimwita Demetrio kwenye chakula cha mchana. Walimkalisha kati yao, wakamwagizia samaki, wakamwita macho yao na masikio yao, wakasema mkataba wake wa mwaka ujao hauna wasiwasi. Kisha wakamuuliza Saturnino anaendeleaje. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Demetrio akasema yale ya garini. Baadaye alijiambia kwamba alisema ili wamtafutie mwenzake daktari, na maelezo hayo aliyarudia mpaka yakachakaa. Ukweli aliujua. Alitaka kuendelea kukaa katika meza ile.

Ukumbi wa kesi ulikuwa chini, kati ya chumba cha kifungua kinywa na bwawa la kuogelea. Wasuluhishi walikuwa wazee wawili na mama mmoja aliyevaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi. Wakili wa klabu, Bi. Prentiss, alikuwa mtu mpole. Alimpa Saturnino mkono, akaulizia hali ya binti, akafungua makabrasha yake.

Alianza kwa kusema kwamba Saturnino hukimbia polepole kuliko wenzake. Demetrio alimsogelea kompadre wake, akamnong'oneza hayo kwa Kihispania. Saturnino akapungua upana wa vidole viwili.

Bi. Prentiss akasema kwamba mkono wa Saturnino wa kurushia si kama ulivyokuwa. Demetrio akatafsiri. Mikono ya koti ikateremka na kumfunika Saturnino viganja, na ncha ya tai ikafika mapajani. Bwana Lubin, wakala wake, aliinuka na kuomba iandikwe kwamba mteja wake aliingia ukumbini akiwa na kimo kingine. Mwenyekiti wa wasuluhishi alifikiri kidogo, akajibu kwamba makubaliano kati ya klabu na wachezaji hayazungumzii kimo. Aliagiza mchezaji aletewe mto wa kukalia. Mhudumu wa hoteli akauleta, wakaendelea.

Ilimchukua Demetrio muda kugundua kilichokuwa kikitokea. Wakili alipokuwa akisema, Saturnino hakupungua hata kidogo. Kiingereza kilimpita kama redio ya jirani. Maneno yalianza kumpunguza yalipopita kinywani mwa Demetrio, kwa lugha aliyonyonya nayo. Ndipo Demetrio akajaribu kuyalainisha. Wakili aliposema kwamba Saturnino huzembea timu inapokuwa nyuma, yeye alitafsiri kwamba timu ikiwa nyuma Saturnino hutulia. Kimo hakikubadilika. Saturnino akageuka na kumtazama.

"Kompadre, mimi ndiye ninayesemwa. Nipe kama yalivyo."

Akampa kama yalivyo. Kufikia saa tano Saturnino alikuwa sawa na Mirtha, mke wake, na baada ya mapumziko ya chai miguu yake haikugusa tena zulia. Aliipishanisha, akaikunja, akaining'iniza. Uso wake ulibaki wa mtu mzima, na ndevu zake, na lile kovu dogo shavuni.

Kisha Bi. Prentiss akafungua ukurasa mwingine, akasema kwamba klabu ina habari, kutoka kwa mtu wa karibu sana na mchezaji, kwamba tangu Agosti Saturnino Peguero hufumba macho mpira unapomjia karibu.

Demetrio alifungua mdomo, akasema kwamba wakili anashukuru kwa usikivu wao.

Laiti angeificha kwa kumhurumia mwenzake. Hakuificha kwa huruma. Alijihurumia mwenyewe, na hata wakati huohuo alijua hivyo na akajionea aibu. Ila ukumbi mzima ulikuwa umeshajifunza kusubiri. Watu walimtazama Saturnino apungue, naye hakupungua. Mama mwenye sweta aliinama mbele na kusema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba inaonekana sentensi ya mwisho haijamfikia mchezaji, na kwamba ni haki yake kuisikia.

Demetrio akaitafsiri. Hakuruka neno, hata lile la mtu wa karibu sana.

Saturnino akashuka mara moja, si kidogokidogo kama mwanzo. Viatu vilimtoka vikaanguka chini ya meza. Ulipokwisha mshuko huo alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka tisa, nao ulikuwa ndio umri wa Yokasta. Demetrio alipiga magoti akavitafuta vile viatu. Alikaa chini ya meza muda mrefu kuliko viatu viwili vinavyohitaji.

Kwenye lifti Saturnino hakukifikia kitufe. Alikuwa ameikunja suruali mara kadhaa na kuishika kiunoni kwa mkono.

"Ya nne," alisema.

Demetrio akabonyeza ya nne.

"Garini tulikuwa wawili," Saturnino alisema mlango ulipofunga.

"Waliniuliza, kompadre."

"Na mimi wao huniuliza habari zako. Kila mwaka. Huniuliza kama bado nakuhitaji, kwa sababu sasa kuna simu zinazotafsiri. Mimi huwajibu kwamba bila wewe ningekufa njaa."

Ghorofa ya nne ikafika. Demetrio alishikilia mlango usimbane mwenzake, maana alikuwa na mwendo mfupi sasa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake wasuluhishi walichagua dola milioni mbili na nusu.

Nyumbani mambo yalipangwa upya bila makelele. Mirtha alipunguza mashati. Yokasta alifurahi kupata mtu wa kuazimana naye raba. Kwaresima ilipoingia Mirtha alipika maharage matamu, yale ya maziwa, nazi, viazi vitamu na biskuti juu, na kama ilivyo desturi yao akajaza mabakuli ya kupelekea majirani. La Demetrio lilikuwa la kwanza, kama kila mwaka, na Yokasta ndiye aliyelileta. Mtoto alisimama mlangoni na bakuli la moto mikononi.

"Nibariki, padrino."

Padrino ndivyo mtoto anavyomwita aliyemshika ubatizoni, na asiyejibiwa salamu hiyo haondoki. Demetrio alisema Mungu akubariki, mwanangu, akiangalia maharage. Bakuli lilikaa mezani mpaka likafanya utando. Alitamani Mirtha angelisahau, au angetia chumvi badala ya sukari, apate kosa lao la kushikilia. Alionja kijiko kimoja. Yalikuwa matamu kuliko ya mwaka uliotangulia.

Msimu ulipoanza, ikaonekana kitu ambacho hakuna aliyekipigia hesabu. Katika besiboli, mrushaji hutakiwa kuupitisha mpira kati ya magoti na kifua cha mwenye gongo. Akikosea mara nne, mwenye gongo hutembea bure mpaka kituo cha kwanza. Kati ya magoti na kifua cha Saturnino sasa hapakuzidi upana wa sahani. Warushaji wakubwa, watu wenye majumba na mashamba ya farasi, walirusha chini, walirusha juu, walifuta jasho. Saturnino alisimama na gongo lake begani, akafumba macho, akangoja. Akisikia mwamuzi amesema nne, huyafumbua na kutembea. Alitembea mwaka mzima. Timu ilishinda michezo ambayo haikuwahi kuiota, na watu walimpenda, na watoto walikuja uwanjani wamechora ndevu.

Wakubwa wa klabu walimwita tena Demetrio kwenye samaki. Alikwenda. Aliuliza kama anaweza kukaa pembeni, wakasema hapana, njoo hapa katikati, wewe ni mtu wetu. Walimwongezea mkataba. Alitia sahihi, kwa sababu alikuwa na mama yake kule Azua na kodi ya nyumba, na sababu zote hizo zilikuwa za kweli na hazikumsaidia kitu.

Februari ikarudi. Saturnino alitaja thamani mpya, kubwa, na wenye akili zao walisema safari hii hawezi kukosa. Lakini Bwana Lubin alikuwa ameshapata hoja za klabu mapema, akamsomea mteja wake chumbani kwa Kiingereza, na Demetrio hakuzitafsiri. Klabu ingesema kwamba mtu anayetembea hajapiga, na asiyepiga halipwi kama mpigaji. Ingesema suruali zake hushonwa kwa gharama ya pekee. Juu ya yote ingesema kwamba kimo kile, ambacho ndicho chanzo cha mafanikio yote, hakikuwa juhudi ya mchezaji. Kilipatikana katika kikao cha mwaka jana, kwa hoja zilizotayarishwa na klabu, na kwa hiyo faida yake ni ya klabu. Bwana Lubin alikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa nzuri.

Alimshauri Saturnino achukue mtafsiri mwingine, wa kukodi, asiyemjua. Shauri hilo Demetrio, aliyesimama kando ya dirisha akisikia yote, alilitafsiri. Moyoni aliomba Saturnino akubali. Alikuwa tayari kufukuzwa na angeshukuru.

"Mgeni nitamzoea lini?" Saturnino alisema. "Niachie huyuhuyu. Huyu najua anaumia."

Basi asubuhi ile Demetrio hakuhitaji kiti. Alipiga magoti kwenye zulia, akamfunga kompadre wake tai, tai ya shule ya Yokasta, kwa kuwa Yokasta alikuwa ameshampita baba yake nusu kichwa na tai ile haikumtosha tena. Wakati akiivuta alisema alichokuwa akitaka kusema tangu mwaka jana.

"Nisamehe, kompadre."

Saturnino aliinua kidevu ili fundo likae vizuri.

"Nilikusamehe palepale kwenye lifti," alisema. "Nilidhani ungejua. Usinikabe."

Demetrio hakujua afanye nini na msamaha huo. Alikuwa amejiandaa kwa tusi, na tusi angeweza kulibeba.

Ukumbi ulikuwa uleule, na harufu ileile ya mayai kutoka chumba cha jirani. Mhudumu alikuwa ameweka mito miwili bila kuambiwa. Bi. Prentiss alimpa Saturnino mkono, akichutama kidogo kwa adabu, akaulizia binti. Saturnino aliutazama urefu wa kiti, kisha akamwinulia Demetrio mikono, kama watoto wanavyoinua. Demetrio alimshika kwapani akampandisha. Alikuwa mwepesi kuliko Yokasta siku ya ubatizo, au ndivyo mikono ilivyokumbuka. Alimketisha juu ya mito, akainyoosha tai, akavuta kiti chake karibu.

"Usiruke hata moja," Saturnino alisema.

Bi. Prentiss akafungua makabrasha, akasoma sentensi ya kwanza. Saturnino akafumba macho. Demetrio akainamia sikio lake, akaanza kutafsiri.