Kompresa Isiyo na Kelele

...kimya kama friji, anasema mama muuzaji, na kweli ameiwasha ile kompresa ndogo ya kijani, mashine ya upepo wa kupulizia rangi, fundi ameweka kiganja juu ya tangi lake na anahisi linatetemeka kwa mbali tu, paka akikoroma ana kelele zaidi, mtu anaweza kulala hapa pembeni akaamka asubuhi asijue kama kulikuwa na mashine, na hicho ndicho alichotumwa, si ndiyo, mke wake kamsindikiza mpaka mlangoni kumkumbusha, chukua isiyo na kelele, mume wangu, baba apumzike, na dada yake naye kapiga simu kukoleza, kaka nakuomba, daktari kasema mzee asisumbuliwe, haya, asisumbuliwe, utadhani gereji ile hakuijenga mzee mwenyewe kwa mikono yake, ubavuni mwa nyumba, ukuta mmoja na chumba anacholala sasa, kitanda upande ule, kompresa upande huu, na mlango wa gari la mteja bado unaning'inia pale, umepigwa msasa, unasubiri rangi, na mteja anapiga simu mpaka simu inachoka...

"Tukufungie hii, fundi?"

Ngoja, mama, ngoja kwanza, na ile nyekundu pale nyuma? Aah, ile, anasema muuzaji, ile ya mkanda, ina nguvu lakini ina mdomo, majirani watakuhama, halafu anacheka, ni mcheshi mama huyu, Mungu ambariki, wengine leo hatuna cha kuchekea, maana ile nyekundu ni pacha wa ile ya mzee, iliyokufa juzijuzi, tangi limeoza chini likatoboka, ni maji tu, hakuna mchawi, upepo ukibanwa ndani ya chuma unatoa maji, na kila jioni lazima ufungue koki uyamwage, baba alimwambia tangu hajaota ndevu, mwaga maji wewe, usipoyamwaga yatakula chuma kwa ndani na wewe utaendelea kuona nje panang'aa, na aliyamwaga, jamani, aliyamwaga jioni zote, pssss, mlio ule ndio uliokuwa kengele ya kufunga kazi, mzee akiusikia anafuta mikono anasema haya, leo basi, na hata alipoanza kulala tu, mapafu yamekwisha kwa vumbi la rangi za watu, bado mlio ule ukipita ukutani alikuwa anaitikia kutoka kitandani, leo basi, kwa sauti ile ya kukwaruza... lakini chuma nacho kina siku zake, likatoboka, na tangu hapo nyumba iko kimya, na mzee kageukia ukutani, uji anauacha, salamu anaitikia kwa macho, na mke anasema unaona, anapumzika.

Anapumzika, haya. Na yeye je, aseme ukweli, hapa hapa katikati ya duka, si kwa sauti, ukweli ni kwamba alipoambiwa isiyo na kelele moyo wake ulisema afadhali, kwa sababu ya ile fimbo, ile fimbo ya kutembelea, maana mzee hakuacha kazi, hakuna aliyemwachisha, alilala tu na masikio akayaacha gereji, na kompresa ya mkanda ni mbeya kama nini, upepo ukipungua mota inawaka, tangi likijaa inazima, kwa hiyo mwenye sikio anajua mkono wa mpulizaji ukoje bila kumwona, ukibana bunduki ya rangi na kuachia, ukibana na kuachia, mota inapata kupumua, lakini ukibana ukasahau, ukang'ang'ania kama mtoto na chuchu, mota hailali, inalia tu, na rangi inajaa mlangoni na kutiririka, na hapo ndipo ukuta ulipokuwa unagongwa kwa ile fimbo, ko! ko! achia mkono wewe! mtu mzima, mvi kidevuni, anachapwa kupitia ukutani mbele ya wateja, na wateja wanacheka, fundi, bosi anakuita, wakamtungia na jina, Achia-Mkono, mpaka sokoni, habari za leo Achia-Mkono, acha tu, alichukia, alichukia sana, na ndiyo maana zile ko ko zilipopungua, halafu zikakoma kabisa, loo, alivimba kichwa, alikumbuka siku ya ile boneti nyeupe, alikuwa na haraka, akabana bunduki, mota ikalia bila kituo, na yeye akajikunyata akisubiri ukuta, ukuta kimya, akamwambia mke wake mezani, umeona, baba hagongi tena, mwaka huu nimehitimu, na mke akacheka akamwongezea mchuzi, na alipokwenda kulala alikuwa na furaha ya kijinga kabisa, mzee kakubali, hatimaye mzee kakubali, hakusema lakini si ndivyo alivyo, sifa zake ni kunyamaza...

"Basi ngoja uisikie mwenyewe, usije ukasema sikukwambia," anasema muuzaji, na anaiwasha ile nyekundu, na mama yangu wee, duka zima linaruka, makopo yanagongana rafuni, mteja wa misumari anaziba masikio, muuzaji anasema kitu, midomo inakwenda, fundi hasikii na hataki kusikia, kelele ile imemwingia kifuani ikakaa mahali pake, gereji, baba amesimama na bunduki ya rangi, mgongo wake, shati lenye madoa, achia, bana, achia... halafu tak, tangi limejaa, mota imezima, na katika ule ukimya mabega ya fundi yanapanda yenyewe mpaka masikioni, shingo imekaza, anasubiri, hapa dukani, mbele ya watu, anasubiri kugongewa.

Hakuna kitu. Na boneti nyeupe inarudi, lakini safari hii inarudi nzima, pamoja na kile alichokipitia mbali, kwamba rangi ilitiririka, ndiyo, ilitiririka pembeni, michirizi mitatu minne, asubuhi aliikwangua na msasa akapuliza upya na mdomo kafunga, basi kama ilitiririka mzee angeacha kugonga vipi, mzee aliyekuwa anagonga hata kwa kosa la nusu pumzi, sifa gani hizo za kumsifu mtu aliyeharibu, ewe mjinga, umejipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na fimbo, Mungu wangu, fimbo, ilikuwa chini ya kitanda, imeshika vumbi, aliikuta siku moja alipoingia kumjulia hali, akainama akaichukua, akaifuta vizuri kwa shati lake, mtoto mwema, akaisimamisha kule kando ya kabati, mtu asije akajikwaa, na macho ya mzee yakaifuata ile fimbo mpaka kabatini, na vidole vikasogea juu ya blanketi, vikakunjuka vikajikunja, na yeye akasema nini, akasema unataka maji, baba, akampa maji, na mzee akanywa.

Akanywa yale maji. Kumbe siku zote zile alikuwa anasikia, mota hailali, rangi inamwagika, na mkono hauna nguvu ya kuokota fimbo na pumzi haina nguvu ya kupaza sauti, na huyu mwanawe upande wa pili wa ukuta anapiga mluzi, na sasa hata mlio hakuna, mzee amelala kwenye kimya anadhani nini, kwamba kazi imekwisha, kwamba gereji imefungwa naye bado yuko hai, leo basi, na hakuna aliyemmwagia maji ya tangi akayasikia... uchungu unampanda fundi mpaka kwenye meno, atairudisha ile fimbo, ataiweka mkononi mwake, vidole vikishindwa atavifunga yeye kwa vyake, halafu aende upande wa pili akosee makusudi, abane asiachie, na ukuta ukikaa kimya hata hapo, basi atajua, na hataki kujua.

"Enhe, fundi, tukufungie ipi?" anauliza mama muuzaji, mkono wake bado uko juu ya ile ya kijani, inayotetemeka taratibu bila kumwamsha mtu.

"Iwashe tena ile nyekundu, mama."

"Si umeshaisikia jamani?"

"Iwashe tu," anasema fundi, na mabega yake yameshapanda.