Filimbi ya Pili

Tangu boti ya mizigo ilipozama ziwani karibu na kijiji cha Mwamgongo, mzee Khalfani alikuwa na mgeni. Kila jioni, filimbi ya kushusha bendera ikilia ofisi ya kata hapo Gungu, yeye husimama wima uani, mikono ubavuni. Alikuwa tarishi wa ofisi ile, na bendera aliishusha yeye mpaka alipostaafu. Basi akisimama, mtu mwingine husimama nyuma yake. Hamwoni. Husikia maji tu yakimdondoka, tone kwa tone, juu ya saruji. Filimbi ya pili ikilia, wapita njia huendelea na safari zao. Yule hasogei.

Kila asubuhi mkewe, Hasna, huipiga deki saruji ile bila kuuliza. Mwana wao Faridi alikuwa baharia wa boti hiyo, na ziwa halikumrudisha.

Siku moja akaja Elikana, mvuvi wa Mwamgongo, na kifurushi kinachonuka dagaa.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta bendera ya boti. Niliiokota ufukweni, nikafunikia dagaa. Juzi ndiyo nikaambiwa mwanao ndiye aliyeifunga."

"Bendera ya taifa unafunikia dagaa, Elikana?"

"Mzee, mvua haiulizi turubai limetoka wapi."

Khalfani akaikunjua. Upande mmoja ulikuwa umeliwa wote.

"Iliyochakaa hivi haipandishwi tena," akasema. "Huteketezwa kwa heshima."

Hasna alikuwa mlangoni. "Kitu pekee ziwa lilichonirudishia, wewe ukitie moto?"

Mzee alikuwa akitazama kipande cha kamba kwenye pindo. Fundo la Faridi lilikuwa palepale, halijafunguliwa. Mtoto yule alilelewa naye kwa kanuni moja: filimbi ya kwanza, simama, usinyanyue unyayo mpaka bendera ishuke na ya pili ilie. Na boti ilizama mchana, bendera ikiwa juu. Nani aliishusha, nani akapuliza ya pili?

Jioni akavaa shati lake la kaki. Filimbi ya ofisi ikiwa haijalia bado, akaipandisha ile bendera iliyoraruka kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Jirani yao Jumanne akachungulia juu ya ukuta.

"Leo mzee wa sheria umezisahau? Hilo tambara litakupeleka polisi."

"Nitakwenda. Kwanza simama wima."

Jumanne akasimama.

Khalfani akapuliza filimbi yake ya zamani. Nyuma yake maji yakaanza kudondoka. Akaishusha bendera polepole, isiguse ardhi. Hasna akapokea upande wa pili, wakaikunja. Kisha mzee akakwama, filimbi mdomoni. Akipuliza, hata mgeni huyo hatakuwa naye tena.

"Mruhusu, baba Faridi," Hasna akasema. "Amesimama vya kutosha."

Akapuliza.

Nyayo zilizolowa zikapiga hatua ya kwanza, ya pili, zikatoka langoni, zikashika njia iteremkayo ziwani. Hakugeuka.

Asubuhi saruji ilikuwa kavu. Hasna aliitazama kwa muda mrefu, ndoo mkononi. Kisha akaingia ndani, akarudi na kiberiti na ile bendera iliyokunjwa.

"Haya. Sasa ni kitambaa tu."

"Si kitambaa tu," alisema Khalfani, akasimama wima.

Hasna akaweka ndoo chini, akasimama kando yake.