Kiti cha Octave

Katika nyumba ile ya wapangaji wa ugenini, mtaani Bellevue, kule kusini mwa Afrika, kiti cha plastiki kilikuwa na haki kuliko mtu. Uani paliingia magari matatu tu, na kila mwenye nafasi alikuwa na kitu chake cha kuilindia akitoka. Khatibu wa Unguja aliweka ndoo ya rangi iliyojazwa zege, Mamie msusi aliweka tairi bovu, na Octave aliweka kiti cheupe chenye mkono uliofungwa kwa waya. Ukitaka ugomvi na nyumba nzima, sogeza kitu cha mtu. Nafasi ilikuwa ya mwenyewe mpaka ahame au afe, na hapo aliye mbele kwenye foleni ndiye anayerithi. Aliyekuwa mbele kwenye foleni ni Fahad.

Fahad, mtu wa Tanga na baba wa Yasmin, alibeba watoto wa shule kwa kigari chake cheupe, na kwa kukosa nafasi alikilaza barabarani nje ya geti. Barabara ile gari halilali, linavuliwa nguo. Wezi walianza na betri, wakafuata kioo cha pembeni, halafu wakang'oa taa zote za mbele. Kila asubuhi alitoka na kikombe cha chai mkononi kwenda kuangalia kilichobaki, na kila alipotoka alikipita kile kiti kimekaa kitako mahali pa gari, hakina gari wala mwenye gari.

Maana Octave hakuwapo. Alikuwa ameuza gari lake apate nauli ya kwenda Bukavu kumzika mama yake, vita vikamkuta hukohuko, na tangu hapo kimya. Mkewe Marcelline, mlinzi wa mlangoni katika duka moja kule Bertrams, hakukubali kiti kiguswe. Fahad alimwendea kwanza kwa adabu.

"Shemeji, niazime hiyo nafasi. Octave akirudi, natoka siku hiyohiyo."

"Papa Yasmin, akirudia na akute gari ya mutu mwingine, atasema nini? Atasema bibi yangu alishanizika. Hapana. Kiti ya Octave ikae."

"Na asiporudi?"

"Atarudia," akasema Marcelline.

Hakuna neno lililomchoma Fahad kama hilo. Lilisemwa taratibu, bila hasira, na taa za gari lake ziko mahali zinauzwa. Basi akamchukia. Tuseme jambo kama lilivyo: alimchukia mwanamke kwa kosa la kumngoja mumewe, kwa sababu alimngoja mahali penye geti na kufuli.

Jumamosi moja, katika soko la Yeoville, muuza dagaa wa Kikongo akamwambia kwamba watu wengi wamekufa kwenye barabara ya kutokea Bukavu. Hakumtaja Octave, wala hakumjua. Lakini maneno yale yaliyoondoka sokoni yakiwa habari za vita, yalipofika getini yalikuwa yamekwisha kuwa maiti ya Octave. Ummi, mkewe Fahad, aliuliza swali moja tu.

"Huyo mtu amemwona?"

"Kwa macho yake."

Khatibu alipoambiwa akatikisa kichwa, akasema lisemwalo lipo. Mamie akasema eish, masikini, na akaanza kulia palepale. Hakuna aliyechimba zaidi. Watu walikuwa wamekichoka kile kiti, na uchovu wa namna hiyo huamini upesi.

Sasa, mjane haambiwi peke yake. Hilo wa Tanga na wa Bukavu wanakubaliana. Watu hukusanyika kwanza, mikeka ikatandikwa, maji ya chai yakawekwa motoni, ndipo mwenye msiba anaingia na kujionea mwenyewe. Fahad aliijua desturi, na alijua pia kwamba mikeka ya msiba ikishatandikwa, hakuna wa kuikunja na kusema samahani, tulikosea. Kwa hiyo aliitandika yeye, na aliitandika kwenye nafasi ya Octave. Kiti alikiinua kwa mikono yake miwili, akampa mchungaji wa kanisa la Wakongo akikalie.

Marcelline akarudi jioni na sare yake ya ulinzi. Alikuta geti wazi, wanawake wamejitanda khanga, Mamie macho yamemvimba. Akatoa pole kabla ya kuuliza, kama mtu aliyelelewa.

"Poleni sana. Nani amekufa?"

Akaangaza macho, akiwatafuta watu wa nyumba mmoja mmoja, na wote walikuwapo. Kisha akamwona mchungaji, na alichokalia, akaacha kutafuta.

"Nani alimuona?" akasema.

Fahad akainuka. "Kuna mtu wa kwenu, shemeji. Mungu ampumzishe."

"Anaitwa nani, huyo mutu?"

"Amekwisha kusafiri."

"Bwana yangu alikuwa amevaa nini?"

Hilo Fahad hakulitarajia. "Shati jeupe," akasema, maana mwanamume gani hana shati jeupe.

Marcelline ndiye aliyelipiga pasi shati jeupe la kwenda kumzikia mkwewe. Akakaa mkekani na sare yake, na wanawake wakamzunguka. Fahad akashusha pumzi. Alikuwa amebahatisha na amepatia, na mtu wa aina yake akipatia hujiona mkweli.

Siku za msiba hakuna aliyejituma kama yeye. Aliteka maji, alipanga viatu vya wageni, aliwaitikia wazee amina. Watu wakamsifu, wakasema ujirani ndio huu. Siku ya kuondoa matanga mikeka ikakunjwa, uwanja ukafagiliwa, na kabla vumbi halijatulia kigari cheupe kikaingia taratibu kikakaa. Khatibu alitazama, akatazama pembeni. Foleni ni foleni.

Jioni hiyo Marcelline alitoa laini kwenye simu ndogo ya vitufe, ile namba ya zamani ambayo Octave aliijua kwa moyo, akaazima mkasi wa Mamie akaikata vipande. "Nani ataniita tena," akasema. Ummi aliyaona hayo, akamweleza mumewe kwa sauti yenye mashaka. Fahad akamjibu kwamba ndivyo watu wanavyopona.

Baridi ikaingia. Asubuhi moja Fahad alikuwa anafuta kioo cha gari, simu ikaita, namba ya nchi asiyoijua.

"Alo? Fahad? Ni miye, Octave."

Fahad akabaki na kitambaa kimegusa kioo.

"Niko mu Burundi, mu kambi. Nilikuwa mugonjwa sana, simu ikapotea. Naita namba ya Marcelline, haipite. Yako ndiyo imebaki mu kichwa, juu nilikuwa nakuita kila asubui utoe gari pa geti. Marcelline iko? Umupatie simu kidogo."

Marcelline alikuwapo. Alikuwa kwenye kamba, anaanika sare, amevaa gauni jeusi la ujane, karibu hata maji ya nguo yalikuwa yakilirukia gari. Ilitosha kunyoosha mkono. Fahad akamtazama, kisha akalitazama gari lake: taa mpya, kioo kipya, na kila kitu kizima tangu liingie ndani. Kumpa simu ni kumpa mume. Mume akirudi atataka nafasi yake, na nyumba nzima itataka kujua lile shati jeupe lilitoka wapi.

"Umekosea namba, mzee."

"Fahad, sauti yako naisikia..."

Akakata. Akaifungia ile namba isiingie tena.

"Ni nani?" akauliza Marcelline, kwa ujirani tu.

"Mtu amekosea namba."

"Masikini," akasema. Kisha akaona matone yake juu ya boneti, akaomba radhi, akainama akayafuta kwa upindo wa gauni lake jeusi.