Mdogo wa Lodi Atoka Nje

Kiti cha Peregrine Wexcombe katika Bunge la Uingereza kilikuwa mali ya kaka yake, sawa na farasi na mabwawa ya samaki. Wapiga kura wa jimbo lile walikuwa wachache, wote wapangaji wa kaka huyo, Lodi Wexcombe, na hawakuwahi kumvunjia heshima mwenye nyumba kwa kuwa na maoni. Mdogo mtu aliketi humo ili akubali alichokubali mkubwa.

Siku ile ya mwaka 1775 kulikuwa na kura ya kupeleka jeshi kwenye koloni la Virginia, Marekani. Huko, kando ya Mto York, mwana wa pekee wa Peregrine, Lionel, alikuwa na shamba la tumbaku, mke mzaliwa wa huko, na bunduki miongoni mwa waasi waliompinga Mfalme. Watumwa waliolilima shamba hawakuulizwa na upande wowote, na jambo hilo halikuwahi kumkosesha Peregrine usingizi. Lionel ndiye aliyemkosesha.

"Kaka," alisema mezani asubuhi, "leo natoka nje."

Ndivyo ilivyokuwa desturi: waliopinga walitoka ukumbini wakahesabiwe barazani, waliokubali walibaki wameketi.

Lodi aliendelea kukata nyama ya kondoo. "Na jongo lako hilo la mguu? Mlango utauwahi?"

"Usinidhihaki. Nakupinga mbele za watu. Kiti chako chukua."

"Nikichukue nimpe nani, punda? Toka tu, mdogo wangu. Na uvae lile koti jipya, wakuone."

Peregrine alikuwa amejiandaa kwa ghadhabu. Kwa ruhusa hakuwa na silaha.

"Unaniruhusu?"

"Wiki nzima nataka kukuomba, naona haya, maana wewe mtu wa misimamo. Vita vile vya zamani, babu yetu mkuu alikaa na Mfalme, mdogo wake akakaa na Bunge. Aliyeshinda akamwombea msamaha aliyeshindwa, mashamba hayakwenda popote. Sasa Wamarekani wakishinda, Lionel atatusemea. Wakishindwa, Rupert atamwombea Lionel."

Rupert, mwana wa Lodi, alikuwa kapteni katika jeshi hilohilo.

"Na wakikutana wao kwa wao, shambani?"

Lodi alilifikiria swali kwa uaminifu. "Ndiyo maana mtu huzaa zaidi ya mmoja," alisema, kisha akakumbuka. "Nisamehe. Nisogezee haradali."

Jioni wito wa kura ulipotolewa, Peregrine alitamani kubaki ameketi, angalau amnyime kaka yake furaha. Lakini kuketi kulikuwa sawa na kumpeleka Rupert akapigane na Lionel. Akainuka, akaburuta mguu hadi barazani.

Walikuwa wachache huko. Alimtambua mdogo wa lodi mmoja mkubwa, shemeji wa waziri, mtoto wa pili wa lodi mwingine. Makoti yote mapya. Wakatazamana kama watu waliokutana mlangoni kwa mganga, kisha kila mmoja akatazama viatu vyake.

Mhesabu kura akamgusa bega kwa fimbo, akapita. Jeshi lilikubaliwa kwa kura nyingi sana.

Aliporudi ndani, kiti chake kilikuwa bado kina joto.