Skafu ya Matundu

Bi Sweta alikuwa na mkono mzito, hata waliompenda walikubali. Sweta alizowafumia watoto wa shule zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto akianguka hachubuki kiwiko, nazo zilirithiwa kutoka kwa kaka mkubwa hadi kwa kitinda mimba bila kutoboka. Jina lake lenyewe watu walishalisahau. Kwa hiyo mwanawe aliposikia mama anafuma skafu ya lesi, tena kwa uzi mwembamba kama unywele, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama, si utatutolea blanketi la shingo?"

"Cheka tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayevaa lile shali la baridi jua likiwaka ni mkeo, si wewe."

Hapo mwana akarudi kwenye kikombe chake, maana palikuwa panauma.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa amepasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Rovu lilitoka salama, sauti ikabaki na mkwaruzo kidogo, na shingoni likabaki kovu lililokatiza upande huu hadi ule. Tangu atoke hospitali hakuvuka kizingiti bila shali zito la sufu, na msimu wenyewe ulikuwa ule wa katikati, si baridi si joto. Shali likamtoa jasho, jasho likamtoa vipele, na vipele vikampa sababu ya kukaa ndani. Mkuu wa shule ya chekechea alikuwa mvumilivu, lakini uvumilivu nao una mwisho wake. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Asipofika, darasa lake atapewa mwingine. Na Bi Sweta alijua kwamba mkwe wake bila lile darasa angenyauka.

Basi akakaa dirishani na sindano nyembamba alizoazima kwa jirani. Lesi hutaka ulegeze. Unarusha uzi juu ya sindano pabaki tundu, kisha unaunganisha mishono miwili pembeni ili upana usizidi. Mkono wa Bi Sweta ulizoea kukaza. Alifuma akafumua, akafuma akafumua, akijigombeza kwa sauti, "Legeza, mama wee, humfungi mbuzi!" Kila safu ilipokwisha aliinua kazi kwenye mwanga, akaangalia nakshi ya majani ilivyojichora kwa matundu, akafurahi peke yake.

Ilipotoka kwenye sindano ilikuwa imejikunyata kama kitambaa cha kufutia meza. Mwanawe alifungua mdomo, akaliona jicho la mama, akajifanya anakohoa. Bi Sweta akailoweka skafu, akaikamua ndani ya taulo, akaitandaza juu ya godoro la wageni, akaivuta na kuibana kwa pini pande zote. Ilipokauka ilikuwa pana na nyepesi, ukiipuliza inapaa. Wacheke wasicheke, jungu kuu halikosi ukoko.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alikaa mbele ya kioo, amevaa gauni la kazini, viganja vyote viwili vimeshika shingo. Bi Sweta akamwondoa mikono taratibu, akamvisha skafu, akaifunga fundo dogo ubavuni. Wote wawili wakatazama kwenye kioo.

Kovu lilikuwa linachungulia katika kila tundu.

Siku zote hizo Bi Sweta alikuwa ameinua ile skafu kwenye mwanga akisifu matundu, wala hakupata hata mara moja kuweka kiganja nyuma yake aone kama kinafichika. Mtu wa sweta nene hafikirii jambo hilo. Kwake, kilichofumwa kimefunika.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha. Nina kitambaa cha bitana kule ndani, nitaishonea sasa hivi. Nampigia Mkuu simu, namwambia umeamka vibaya..."

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Bi Sweta alidhani analia. Kumbe anacheka, kwa ile sauti yake mpya ya mkwaruzo, mpaka akashika meza.

"Mama, hii si skafu, hili ni dirisha!"

Kisha kicheko kikakatika. "Unajua leo ndiyo mara ya kwanza umeliangalia? Humu ndani mkiongea na mimi mnaangalia ukuta. Wewe ukuta, mume wangu ukuta. Nikasema, kama wanaonipenda hawawezi kuliangalia, watoto wa watu si watakimbia?"

Maneno hayo yalimchoma Bi Sweta, kwa sababu yalikuwa kweli. Alidhani anamsitiri mkwe wake, kumbe anamtisha.

"Niambie basi, Mama. Linatisha?"

Angeweza kusema hapana upesi upesi, kama watu wanavyosema. Badala yake alivaa miwani, akaifungua skafu, akamwinua kidevu kuelekea kwenye mwanga. Akapitisha kidole juu ya kovu toka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anavyokagua ukosi wa sweta kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

"Aliyeshona hapa ana mkono mwepesi. Mishono imelala vizuri. Huku mwishoni amevuta, pamejikunja kidogo. Mimi ningelegeza." Akavua miwani. "Lakini halitishi, mwanangu. Ni kovu tu."

Mwalimu alifumba macho, akavuta pumzi, akaishusha.

"Nifunge tena, Mama."

"Na bitana?"

"Achana nayo. Nitatoka jasho."

Bi Sweta alimsindikiza hadi kwenye geti la shule, moyo ukimdunda kuliko wa mwenye shingo. Katoto ka kike kalimkimbilia Mwalimu, naye akainama kukasalimia. Mtoto akachungulia, akaingiza kidole kwenye tundu la jani.

"Mwalimu, hapa umefanyaje?"

"Niliumwa, nikapasuliwa, nikashonwa."

"Panauma?"

"Hapaumi tena."

Mtoto akaona jibu linatosha. Akamshika mkono, akamvuta kuelekea darasani huku akimweleza habari ya jino lake lililong'oka, na Mwalimu akaenda naye akiuliza lilikuwa la juu au la chini.

Bi Sweta akabaki amesimama. Mlinzi wa geti akamsogelea, akamuuliza kwa adabu kama anamsubiri mtoto.

"Hapana, baba," akasema, machozi yakimtoka waziwazi. "Wangu ameshaingia."