Skii za Kukulia

TANGAZO

Uongozi wa mlima unawaarifu wageni wote kuwa uwanja wa kurukia, wenye nundu na vyuma vya kutelezea, umefunguliwa. Katika miteremko ya juu, theluji ya unga inafika magotini. Kila mmoja ateleze kwa vifaa vinavyomfaa. Uongozi hautawajibika kwa majuto.

1.

Vinavyomfaa! Aminieli, mpishi wa hoteli iliyo chini ya mlima huo wa Austria, alilirudia neno hilo akiwa bado na aproni kiunoni. Na kama humjui vizuri unayemnunulia?

(Anamjua. Ni mwanawe.)

2.

Ujumbe wa sauti. Ombeni, kutoka Uholanzi, anakoishi na mama yake tangu wazazi walipoachana:

"Shikamoo Baba. Likizo nakuja, mama amekubali, ila wiki moja tu. Bado napenda kuruka, lakini siku hizi nataka na ile theluji ya unga. Vyote viwili. Inawezekana?"

Sauti ilikuwa nzito. Aminieli alidhani ni mafua.

3.

"Inawezekana," alisema Lena, binti wa duka la skii, zile mbao mbili za kutelezea thelujini. "Chukua hizi pana. Upana ndio unaomzuia mtu asizame kwenye unga. Zikizidi upana, uwanjani zinakuwa nzito kuzungusha hewani. Hizi ni za kati. Na ncha zimepinda juu mbele na nyuma, hata akitua kinyumenyume hazikwami."

"Kwetu tunasema njia mbili zilimshinda fisi."

"Fisi hakuwa na skii. Mtoto ana urefu gani?"

4.

Urefu.

5.

Aminieli akanyoosha mkono mbele yake, chini kidogo ya bega, vidole vikielekea juu. Lena akadhani anaapa.

Wewe msomaji unaelewa. Kiganja kilicholala ni cha kupimia ndama na mbuzi. Ukimfunika hivyo mtoto wa mtu, umemdumaza. Vidole vitazame juu, apate pa kukulia.

Hapo ndipo kichwa cha Ombeni kilipofika siku walipoagana stesheni. Huu ni msimu wa tatu wa baridi tangu hapo. Aminieli hana kipimo kingine. Simu humwonyesha uso tu, na baba gani ampigie mama mtu kumwuliza urefu wa mwanawe? Aibu hiyo hakuiweza.

6.

SISI NI SKII. Tulisimama jozi mbili ukutani, fupi na ndefu, na tuliona alivyotushika sisi ndefu.

Alikuwa akiikumbuka sare yake ya kwanza kule Machame: suruali ya kukulia, pindo limekunjwa na kukunjwa tena, akienda shule asubuhi huku theluji ya Kibo ikimtazama kwa mbali. Kila mwaka mama yake alishusha pindo kidogo. Suruali ile ilikuwa ikimwambia: mwakani utakuwepo.

7.

"Hizo zitamshinda," alisema Lena.

"Atazikulia."

"Lini? Si umesema anakaa wiki moja?"

Aminieli alitoa pochi, akalipia zile ndefu. Alimtaka mwanawe. Alimtaka baridi hii, na ijayo, na ile inayofuata, amwone akirudi na kurudi mpaka

8.

Alivyotayarisha:

kitanda, karibu na dirisha

ndizi za kupika, zilizosakwa mpaka mji wa jirani

msumari ukutani, mnene, wa kutundikia skii zitakazobaki hapa mwenyewe akiondoka, zimwite

9.

"Abiria mnaombwa kusimama nyuma ya mstari wa njano. Tunarudia. Nyuma ya mstari."

Aminieli alikuwa mbele ya mstari, skii zimesimama ubavuni pake.

10.

Alishuka bibi mmoja. Akashuka kijana mrefu mwenye begi, kofia na skafu vimemfunika uso. Aminieli akampisha, akachungulia nyuma yake kumtafuta Ombeni.

"Shikamoo Baba."

11.

Baba.

12.

Walikumbatiana mpaka treni ikaondoka. Kisha Ombeni akazichukua skii, akazisimamisha mbele yake. Zile ndefu. Zilimfikia kidevuni.

"Fupi kidogo," alisema, halafu haraka, kama anayembembeleza mtoto: "Lakini uwanjani zitafaa sana, Baba. Fupi zinageuka upesi."

"Na kwenye unga?"

"Nitazama kidogo." Akacheka, sauti ile ile nzito. "Utanivuta."

"Na mwakani?"

Ombeni akatazama ncha za skii.

Mkono wa Aminieli ulikuwa umenyanyuka wenyewe, vidole juu, pale pale ulipozoea, ukagota kwenye zipu ya jaketi la mwanawe. Ulikuwa umemngoja hapo muda wote huo, na mwenyewe alishapita. Akaupandisha. Akaupandisha tena